Kabla Udongo Haujakauka

Kukohoa nilifundishwa nikiwa mtu mzima, mama wa binti aliyekwisha kuolewa. Mwalimu wangu alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito kule Ntimaru, rafiki ambaye tulilimiana mashamba tangu tulipokuwa maharusi. Alinilaza kitandani kwangu mchana kweupe, akakunja leso mpaka ikawa nene, akaniwekea chini ya kitovu.

"Bana hapo kwa mikono yote miwili, mwenzangu. Sasa kohoa."

Nikakohoa.

"Hapana. Hivyo anakohoa mtu mwenye tumbo zima. Wewe utakuwa umeshonwa. Kohoa kwa adabu."

Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akanifundisha kuamka. Usiinuke kwa tumbo kama mtu aliyesikia mbuzi wameingia kwenye mahindi, alisema. Lala ubavu, shusha miguu kwanza, halafu jisukume na kiwiko. Nilirudia na kurudia, naye ameketi juu ya kinu, ananikosoa. Tulikuwa tunaongea Kikuria chetu, bila shaka, lakini hata leo nikiyakumbuka maneno yake nasikia sauti yenyewe, nzito kidogo, sauti ya mtu anayekupenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sauti ile haikuwa ya uongo.

Mimi nilikuwa nimetoka damu miaka miwili. Si damu ya mwezi ambayo kila mwanamke anaijua. Ilikuja ikasahau kwenda. Kanisani nilihamia benchi la nyuma, nikavaa nguo nyeusi tu, na hatimaye nikaacha kwenda kabisa. Watu wakasema nimepoa katika imani. Nilipokwenda hospitali ya misheni, kule chini karibu na ziwa, upande wa Homa Bay, daktari alinibonyeza tumbo akasema kuna uvimbe mwingi, na kwamba dawa ya pekee ni kutolewa kizazi. Alinieleza polepole, akaniuliza kama nimeelewa. Nilielewa vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nitapasuliwa uvimbe. Kizazi sikukitaja.

Rafiki yangu ndiye peke yake niliyemwambia yote, kwa sababu siku hiyohiyo naye alinifunulia tumbo lake. Kovu lilikuwa pale, limelala chini kama mfereji mdogo. Alipasuliwa miaka mingi nyuma, na kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa ni kidole tumbo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa na bahati ya kumpata maiti aliyerudi kunisimulia. Alijua mambo ambayo daktari hakuyasema. Alijua kwamba ukizinduka koo huwa kavu kama gunzi, kwamba utalia bila sababu, kwamba mpira wa mkojo unaudhi kuliko kidonda. Alinipikia mgagani na maini ili damu ipande. Kila nilipotaka kulaza wazo la kwenda, alikuja kuliamsha.

Nikamwambia na lile lingine. Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu si kila msomaji ametoka kwetu.

Mimi nilizaa binti mmoja. Mimba nyingine zilitoka. Binti yangu alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa katika zizi letu, wazuri, wenye afya. Kwa desturi yetu ng'ombe wanaoletwa na binti ni wa nyumba ya mama yake. Ndio wanaomwoza kaka yake. Na kama kaka hakuzaliwa? Basi mama anaweza kutoa ng'ombe hao mwenyewe, akaoa msichana awe mke wa yule mwana ambaye hakuzaliwa. Tunamwita mokamona, yaani mke wa mwana. Anaingia katika nyumba ya yule mama, watoto atakaowazaa ni wajukuu wa nyumba hiyo, na nyumba haifi. Mume wa yule mama kwake ni baba mkwe tu, wa kuamkiwa kwa mbali.

Huo ndio uliokuwa mpango wangu. Nipasuliwe, nipone, nisimame kwa miguu yangu, kisha niite wazee niseme ng'ombe wa binti yangu wanaoa mokamona. Lakini nipone kwanza. Mwanamke aliyelala kitandani hasikilizwi. Mgonjwa haulizwi uji, na hata ng'ombe wake haulizwi. Nilimwambia rafiki yangu haya yote jioni moja tukichambua maharagwe. Aliokota harage lililoanguka, akasema, "Ni wazo zuri, mwenzangu. Usimwambie mtu." Nami nikaona nimepata mtunza siri.

Siku ya kulazwa alinisindikiza yeye. Mume wangu alikuja pia, kwa sababu hospitali ilitaka ndugu wa kutoa damu, na miaka ile ya tisini damu ya mtu usiyemjua iliogopwa kuliko nyoka. Alifika mpaka mlangoni pa maabara, akaona sindano, akakumbuka kwamba tumbaku yake inahitaji mtu wa kuangalia moto wa kukaushia. Akaondoka. Mwanamume wa kuangusha fahali kwa mikono! Rafiki yangu akakunja mkono wa blauzi. Kundi la damu likalingana na langu. Mfuko wa damu yake ndio uliotundikwa juu ya kichwa changu baada ya upasuaji, na nilipofumbua macho ndio kitu cha kwanza nilichokiona, na chini yake uso wake.

"Umerudi," akasema. "Usiongee. Bana tumbo."

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Sori, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, Mjaluo mrefu mwenye mdomo usiopumzika. Naye alikuwa ametolewa kizazi juma hilohilo. Kikuria hajui, Kijaluo sijui, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili cha soko, yeye na chake na mimi na changu, na tukaelewana kuliko watu wengi waliozaliwa nyumba moja.

"Mimi nimezaa sita," alisema. "Hiyo mfuko imefanya kazi. Wacha iende pensheni."

Sista alikuwa akipita asubuhi akiuliza kila kitanda kama hewa imetoka, maana bila hewa kutoka hupewi hata chai. Mimi niliona haya. Mama wa Sori hakuona.

"Nyamera, dada yangu, hapa heshima iko kwa mtu amejamba," alitangaza wodi nzima. "Hata kama uko bibi ya chifu, bila hiyo utakaa njaa."

Alipotoa yake tulimpigia makofi, na mimi nikacheka vibaya nikasahau kubana, nikaona nyota zote. Rafiki yangu akaniwekea leso mkono ukiwa tayari, kama mtu anayezuia mtoto asianguke. Aliniosha siku zote nilizokuwa sijiwezi. Alinigeuza, akanipangusa, akabadilisha vitambaa, akanichana nywele. Mwili wangu hakuna alichokuwa hajakiona. Kuna watu wanazaliwa tumbo moja wasifanyiane hivyo.

Mama wa Sori akaniuliza nina wavulana wangapi. Nikamwambia sina. Akaacha kuchekesha wodi.

"Kwetu mzee ataleta tu nyieka," akasema. "Mke mwenza. Na wewe unaambiwa upige vigelegele."

Nikamweleza habari ya mokamona. Alijaribu kukaa, akakumbuka tumbo, akalala tena.

"Mwanamke anaoa mwanamke? Na mzee anakaa wapi?"

"Anakaa kando."

"Aa! Hiyo nimependa. Hiyo Wajaluo tumelala."

Rafiki yangu alikuwa hapo akikunja nguo zangu. Hakucheka.

Nilipokaribia kuruhusiwa, yeye ndiye aliyepanga nikakae wapi. Nyumbani, alisema, nitapona vipi? Maji ni ya kubeba kichwani, kuni ni za kupasua, na mwanamume hawezi kumwona mke amelala akaamini kweli ni mgonjwa. Heri nikae Migori mjini kwa dada yake, anapanga vyumba viwili nyuma ya soko, bomba liko uani. Nikae huko mpaka nyuzi zisahaulike. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilimshukuru nikalia. Yeye akarudi Ntimaru, eti akaangalie watoto wake na amwangalie na mume wangu asife njaa.

Huko Migori nilitunzwa, siwezi kusema uongo. Uji wa wimbi asubuhi, maini, kitanda chenye godoro. Dada yake hakuniruhusu hata kuinua kikombe kilichojaa. Nilijifunza kutembea uani nikishika ukuta. Kuna siku nililia mchana kutwa kwa ajili ya mtoto ambaye sikuwa nimempoteza siku hiyo wala mwaka huo, na dada yake akakaa nami bila kuuliza, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mdogo wake kwamba siku hiyo itakuja. Mume wangu hakuja. Salamu zilikuja. Tumbaku imeiva, tumbaku inakaushwa, tumbaku inapangwa. Nikasema sawa, wanaume na tumbaku zao. Sikujua kwamba nimewekwa mbali kwa upole, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Aliyeniambia ni mama wa Sori. Alikuwa amesharudi sokoni, ingawa hakupaswa. "Magunia inabebwa na watu," alisema, "mimi nabeba mdomo tu." Aliingia na furushi la omena, akakaa kwa ubavu kama tulivyofundishwa, akaniangalia kovu, akanionyesha lake, tukalinganisha. Halafu akasema alikuwa Ntimaru siku ya soko, akauliza kwangu, akaenda kumpelekea mzee wangu samaki na salamu.

"Nyamera, kwani wewe unajenga?"

"Najenga nini?"

"Pale kwako kuna nyumba mpya. Nje ya ile yako, kando ya zizi. Msichana anakandika udongo. Nikauliza ni ya nani, watu wakacheka, wakaangalia chini."

Kwetu mwanamume hujenga nyumba mpya bomani mwake kwa sababu moja tu. Kwa mke mpya.

"Msichana gani?"

"Mdogo mdogo. Mweupe kidogo. Ana pengo hapa mbele, akicheka unaona."

Meno yale yenye pengo nilikuwepo yalipoota. Nilimbeba mgongoni mwenye pengo lile, mama yake alipokuwa kitandani baada ya kile alichokiita kidole tumbo. Nilimtazama dada mtu. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliangalia sufuria, akasema uji utaungua, akatoka. Uji haukuwa motoni.

Sijui niseme nini juu ya saa ile. Watu huniuliza kama nililia. Sikulia. Niliona aibu, aibu ya kijinga, kwa sababu ya kule kukohoa. Nilijiona nimelala kitandani kwangu nikikohoa kwa adabu, naye juu ya kinu ananicheka na kunipenda, na tayari anajua binti yake atalala wapi.

"Hiyo udongo bado mbichi," mama wa Sori akasema. "Niliweka mkono. Ukuta ikikauka ndio ataingia?"

"Ndiyo."

"Basi wewe unangoja nini hapa na uji?"

Kulikuwa kiangazi. Udongo wakati wa kiangazi haumngojei mtu. Daktari alikuwa amesema nisipande gari la barabara mbovu mpaka arudi aniangalie, na rafiki yangu alikuwa amesisitiza hilo kuliko daktari. Mama wa Sori alizungumza na mwenye pikapu anayempelekea omena, nikawekwa mbele, leso tumboni, mto wa dada mtu mgongoni. Mto huo sikuurudisha. Kila shimo la barabara nililijua kwa jina kabla hatujafika Ntimaru.

Nilimkuta msichana anakandika. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwiko, na aliponiona alifurahi. Hilo sikulitegemea. Alikimbia kunipokea, akaona udongo mikononi, akasimama.

"Mama umerudi! Karibu. Mama yangu alisema hutarudi kabla ya mwezi kuandama."

"Unafanya nini hapa?"

Akanishangaa. "Lakini mama alisema unajua. Alisema ni wewe uliyenichagua."

Niliweka kiganja ukutani. Upande wa jua ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini chini, kivulini, kidole kilizama. Nilimuuliza analala wapi. Akasema kwao bado, mpaka ukuta ukauke. Nikamwambia aende akanawe, arudi kwao, asiguse tena ukuta huu mpaka nimwite. Alikwenda. Alikuwa msichana wa kutii, na ndiyo sababu alikuwa hapo.

Mume wangu aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama, kofia mkononi. Alikuwa ameambiwa. Kizazi kimetoka, hakuna mwana atakayetoka hapa, mwanamume afanye nini? Ng'ombe walikuwa zizini, wamekaa bure. Wakapelekwa kwa baba wa msichana. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mbolea. Nilimuuliza nani alimwambia habari za kizazi. Akanitazama kama kwamba mimi ndiye mjinga wa boma hilo.

Jioni rafiki yangu akavuka kijito na chungu cha uji kichwani. Aliniona nimekaa kibarazani. Alisimama mbali kidogo.

"Umepanda gari na nyuzi hazijapoa," akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Umelowa damu?"

"Usiniulize habari za damu."

Akautua uji. Akakaa chini. Hakukana, hata kidogo, na ninampa heshima hiyo.

"Mumeo angeoa tu, mwenzangu. Siku yoyote angejua. Wangu alipojua kuwa sina kizazi alileta mke mgeni kutoka mbali, unakumbuka? Nimelala nje ya jiko langu mwenyewe. Nikasema heri mke mwenza wako awe binti yangu. Atakuheshimu. Atakutekea maji."

"Nilikwambia nitaoa mokamona. Nilikwambia wewe tu."

"Uliniambia. Na ungemwoa binti wa nani? Wa mtu. Wa mama fulani. Aje hapa awe mke wa mtu ambaye hakuzaliwa, azae watoto wa jina lako." Sauti ilimpanda. "Wangu nilitaka awe na mume. Mume anayeonekana, mwenye shamba la tumbaku. Nyumba yake mwenyewe, si ya kwako."

"Sikumtaka wako."

"Ng'ombe walikuwa wale wale tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia chochote. Angeniambia siku ile ya maharagwe. Angesema, mwenzangu, ng'ombe hao nawataka kwa binti yangu, tukagombana, tukarushiana maharagwe, ningekasirika mwaka mzima, hasira ikaisha. Badala yake alikwenda akatoa damu yake nikatiwa mimi mwilini, akaniosha, akanilaza Migori kwenye godoro, na kila wema ulikuwa wema wa kweli, na kila wema ulinisogeza mbali na zizi langu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu hakuwa nguoni. Alikuwa ndani ya mishipa.

Uji sikuunywa. Nilimwambia auchukue, akauchukua.

Wazee niliwaita mwenyewe. Wengine walikuja kwa haki, wengine kwa pombe ambayo mume wangu aliiandaa akidhani itamsaidia. Waliketi kivulini mwa ghala la tumbaku, na mmoja alikuwa amesinzia kabla hatujaanza. Sikuweza kukaa chini kama wanawake wanavyokaa. Nililetewa kigoda, nikakaa na leso imebana tumbo, na nikaona wanaitazama leso ile na kuona haya, wakageuza macho. Nikafikiri, vizuri, oneni haya.

Mume wangu alisema ng'ombe ni wake, yeye ni baba wa boma. Wazee wakaitikia itikia. Niliona wanapenda mambo yaishe. Mwanamke amekatwa, mwanamume ameoa, dunia ina nini kipya? Nikaomba niulize swali moja.

"Ng'ombe waliokwenda kwa baba wa msichana walitoka nyumba gani?"

Kila mtu alijua. Binti yangu aliolewa mbele ya macho yao, na nyama walikula.

"Walitoka nyumba yako," mmoja akasema hatimaye.

"Ng'ombe wa binti wanaoa mke wa nani?"

"Mke wa kaka yake."

"Basi msichana huyu ni mke wa mwanangu. Mwanangu hakuzaliwa, lakini ng'ombe wake wamezaliwa, na wametoka, na mmewaona. Huyu ni mokamona wangu." Tumbo liliuma, nikabana. "Sasa niambieni. Baba mkwe anamjengea mokamona wake nyumba kando ya zizi, ili afanye nini naye humo?"

Yule aliyesinzia aliamka. Hakuna mwanamume wa Kikuria anayetaka neno hilo lisemwe karibu na jina lake. Mzee aliyekaa karibu na mume wangu aliinua kigoda chake, taratibu, bila kusema kitu, akakisogeza pembeni. Mume wangu aliona kigoda kile kikisogea. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akipungua namna ile. Nilijua nimeshinda kabla hawajasema.

Wakasema. Ama alipe ng'ombe wengine kwa nyumba yangu, ama msichana aingie kwangu. Ng'ombe wengine hakuwa nao. Nikamwita msichana, nikamuuliza mbele yao anataka lipi, au nimrudishe kwao ng'ombe warudi. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Heri wewe," akasema, na wazee wakacheka, na hata mimi.

Nilimwambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba mwanamume atamchagua mwenyewe, wakati wake, wala sitamletea mtu. Nilitimiza. Alipika kwenye mafiga yangu. Alisonga ugali wa wimbi na muhogo ambao mimi nilikuwa siruhusiwi hata kuusogelea, maana kuusonga kunataka mtu mwenye tumbo zima. Mama wa Sori alipita kila alipokuja soko la Ntimaru, akamkagua jinsi anavyonisaidia kuinuka, akamwambia mimi ni mtu wa kubana, asinichekeshe. Nyumba ile ya kando ya zizi ilikauka vizuri sana. Wakalala mbuzi.

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Mwaka uliofuata tukapata mvulana, mwenye mashavu, na nyumba yangu haikufa. Ningeweza kumalizia hapo nikaonekana mwanamke shujaa.

Lakini mtoto alipozaliwa bibi yake mzaa mama alikuja kumwona, na ilikuwa haki yake. Alivuka kijito kwa nguo za heshima, amefunga kitambaa, na chungu cha uji kichwani. Aliketi pale wanapoketi watu wa ukweni, mbali na mlango, macho chini. Nami nilikaa mbali naye kama inavyotakiwa. Kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa sasa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisema mbele ya wazee, kwa mdomo wangu, na lilikuwa limenipa ushindi: binti yake ni mke wa mwanangu. Wakwe hawataniani. Wakwe hawaketi kitanda kimoja. Mkwe hamwoni mkwe tumbo, sembuse kumwosha.

Nilikuwa na mafua siku hiyo. Kikohozi kilinipanda, mkono ukaenda chini ya kitovu wenyewe, na kutoka kule mbali, kabla hajajizuia, akasema, "Bana, mwenzangu."

Nilikuwa nimeshabana. Nilikohoa kwa adabu, kidogo kidogo, kama alivyonifundisha. Nilipomaliza nilimtazama yule mwanamke ambaye damu yake ilikuwa ndani yangu na ndani ya mtoto aliyelala mapajani mwangu.

"Karibu uji, mkwe," nikamwambia.